Jeep ya vita kwa skeli ya 1/6: namna ya kuifanya ifunguke, ikunjwe na iwake

Modeli kubwa ina deni ambalo ile ndogo haina. Kwa skeli ya 1/35, yaani gari lililopunguzwa mara 35, Jeep ya Willys haifiki sentimita 10, na mtazamaji anaikubali ilivyo: boneti iliyoganda, kioo kilichosimama daima, taa za rangi ya fedha zisizowaka. Kwa skeli ya 1/6, gari hilohilo lina sentimita 55. Mtu analikaribia, anainama, kisha kidole kinakwenda chenyewe kwenye klipu ya boneti. Kama klipu ni mstari tu uliochorwa, kazi yote inapungua heshima mbele yake, hata rangi iwe nzuri namna gani.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyekwisha kuunda bodi, iwe ya bati, ya mbao au ya plastiki, na sasa unataka vitu vidogo vifanye kazi yake kweli: boneti ifunguke na kushikwa na klipu zake, kioo kilale, taa zigeuke na kuwaka, springi zicheze, usukani ugeuze magurudumu. Nimechagua Willys MB ya Vita ya Pili ya Dunia kwa sababu karibu kila kitu juu yake kiliundwa ili askari akisogeze kwa mkono mtupu, gizani, akiwa na haraka. Kila bawaba ina sababu yake, na sababu hiyo ndiyo inayokuambia bawaba iwe na umbo gani. Ukiiga umbo bila kujua sababu, utapata kitu kinachochezacheza ovyo. Ukijua sababu, hata ukikosa picha nzuri utakisia karibu na ukweli.

Ninaandika nikiwa Lubumbashi, Kongo, na vifaa nitakavyotaja ni vile unavyoweza kuvipata kati ya soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, na meza za mafundi wa telefoni wa mjini, bila kuagiza chochote Ulaya.

Vipimo, kabla ya mkasi

Gari halisi lina urefu wa sentimita 333, upana wa sentimita 157 na nusu, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni sentimita 203. Gawanya kila kimoja kwa 6: urefu 55.5, upana 26.2, kati ya ekseli 33.8. Tairi zake za 6.00-16 zina kipenyo cha karibu sentimita 71, kwa hiyo zako ziwe karibu 12. Hayo pengine ulikwisha kuyafanya ulipounda bodi. Wengi hukosea pale wanapofika kwenye vitu vidogo, wanaacha kugawanya na kuanza kukisia kwa jicho.

Nati inayofunguliwa kwa spana ya 17 inapaswa kuwa na milimita 2.8. Mkanda wa turubai wenye upana wa milimita 25 unakuwa milimita 4. Bati la bodi, ambalo kwa gari halisi ni karibu milimita moja na robo hadi moja na nusu, kwako linakuwa kati ya 0.20 na 0.25. Hapa skeli ya 1/6 inatupendelea sana, maana bati la kopo la maziwa ya unga lina karibu milimita 0.2. Huhitaji kulificha wala kulikonda kingo. Ukilikunja, mkunjo wake unaonekana kama wa gari lenyewe, kitu ambacho plastiki nene haiwezi kukupa.

Nunua kalipa, kile kifaa cha kupimia unene na kipenyo, hata ile ya plastiki ya bei ndogo. Andika vipimo vyote kwenye daftari moja, halisi upande wa kushoto na vyako upande wa kulia. Kisha chagua picha moja ya gari moja, ya mwaka mmoja, ushikamane nayo. Willys na Ford waliunda pamoja karibu Jeep 640,000 kati ya 1941 na 1945, na hazikufanana zote: Willys za mwanzo kabisa zilikuwa na grili, yaani uso wa mbele unaopitisha hewa, ya vyuma vilivyounganishwa, baadaye zote zikawa na ile ya bati lililopigwa chapa yenye nafasi tisa, ambayo Ford ndiyo waliotangulia kuitumia. Ukichanganya, mtu anayejua ataona.

Neno moja kwa wanaotaka kuipa modeli historia ya nyumbani. Askari wetu wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Kibelgiji, walioingia Ethiopia na kuwashinda Waitalia huko Saïo tarehe 3 Julai 1941 walifika bila Jeep hii. Jeep ya Willys MB ilianza kutoka kiwandani mwishoni mwa mwaka huo. Kwa hiyo usiipake alama za kampeni ile. Kama unataka kuwaheshimu mashujaa wale, unda lori.

Vifaa

Makopo ya maziwa ya unga au ya nyanya, yaliyooshwa na kusuguliwa kwa msasa hadi vanishi ya ndani itoke, maana risasi ya kulehemu haishiki juu ya vanishi. Makopo ya soda ni ya alumini, membamba zaidi, karibu milimita 0.1. Hayo hayalehemeki kwa njia zetu, lakini yanafaa kwa vibandiko na mikanda midogo, yakishikwa kwa gundi ya sehemu mbili.

Waya ya shaba katika mji huu haikosekani. Waya ya nyumbani ya milimita 1.5 za mraba ina kipenyo cha karibu 1.4, ile ya 2.5 ina karibu 1.8. Ichune kwa kisu. Usichome plastiki kwa moto ili kupata shaba: moshi ule ni sumu, na shaba yenyewe inatoka nyeusi, laini na chafu, haishiki risasi vizuri.

Kwa pini za chuma, vibanio vya karatasi vina karibu milimita 1. Kwa springi ndogo, waya za gitaa. Waya nyembamba kuliko zote ina milimita 0.23 au 0.25, na Lubumbashi, mji wa wapiga gitaa tangu enzi za Mwenda Jean Bosco, hukosi mtu wa kukupa iliyokatika. Kwa skrubu zinazofungika kweli, nenda kwa fundi wa telefoni umwombe zile za telefoni mbovu. Vichwa vyake vina milimita mbili na kitu, karibu kabisa na unachotaka. Hapo hapo omba taa za LED, rezista, waya nyembamba yenye vanishi, na betri ya telefoni iliyo nzima, yenye kibao chake cha ulinzi.

Pasi ya kulehemu ya wati 40 inatosha. Lehemu karibu na dirisha, usile wala kuvuta sigara ukiwa kazini, na unawe mikono kwa sabuni, kwa sababu risasi nyingi tunazouziwa zina madini ya risasi kweli. Watoto wakae mbali na meza.

Bawaba ya boneti

Anza hapa hata kama una hamu ya taa. Ukijua kutengeneza bawaba hii, umejua nusu ya gari.

Boneti ya MB inashikwa nyuma, chini ya kioo, na bawaba moja ndefu inayopita upana wote. Ilifanywa ndefu ili bati jembamba la boneti lisijipinde likifunguliwa na kufungwa kila siku. Kwa hiyo usiweke bawaba mbili fupi pembeni. Boneti yako ya milimita 0.2 itapinda kama ambavyo ile halisi ingepinda.

Kata vipande viwili vya bati, kila kimoja na urefu ulio sawa na upana wa boneti, na upana wa milimita 12. Kwenye kila kimoja piga mstari milimita 4 kutoka ukingoni. Chukua waya ya chuma iliyonyooka ya milimita 1, ilaze juu ya mstari, na ubane bati kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya msumeno wa chuma ulioisha, ukingo ukibaki juu. Kunja ukingo juu ya waya polepole kwa kipande cha mbao ngumu, ukipita urefu wote mara nyingi kwa nguvu kidogo. Usikunje upande mmoja ukaumaliza, ukahamia wa pili: bati litanyooka kwa mawimbi na waya haitatoka tena. Ukingo ukishageuka, malizia kwa koleo yenye meno laini hadi upate bomba linaloifunga waya yote.

Sasa toa waya. Weka alama kila baada ya milimita 5 kwenye bomba. Kwenye kipande cha kwanza ondoa sehemu ya pili, ya nne, ya sita. Kwenye kingine ondoa ya kwanza, ya tatu, ya tano. Tumia tupa ndogo bapa, si mkasi, kwa sababu mkasi unabana bomba na pini haipiti. Meno ya kipande kimoja yaingie kwenye nafasi za kingine bila kusukumwa. Acha nafasi ya unywele kila upande. Rangi hula nafasi: tabaka tatu zinaongeza karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, na bawaba iliyoteleza vizuri ikiwa bati tupu itakwama ikishapakwa.

Ingiza pini, jaribu. Kisha, kabla ya kulehemu bawaba kwenye boneti, sugua pini na meno yote kwa penseli laini hadi yawe meusi, utie na tone la mafuta ya mashine. Risasi haishiki penseli wala mafuta. Lehemu kwa nukta, moja kila sentimita 2, ukianzia katikati kwenda pembeni, ukisubiri kila nukta ipoe. Mtu anayemwaga risasi mstari mzima kwa mara moja anapata boneti iliyopinda kwa joto.

Bawaba hiyohiyo, kwa ufupi, ndiyo utakayotumia chini ya kioo na kwenye mto wa kiti cha dereva. Mto ule huinuliwa kwa sababu tangi la mafuta, la lita 57 hivi, liko chini ya makalio ya dereva, na mdomo wake unafikiwa kwa kuinua mto. Kumbuka nafasi hiyo. Tutaihitaji kwa umeme.

Klipu za boneti ziko mbili, moja kila upande, juu ya madigadi. Kila moja ni ndoano inayovutwa na springi ili boneti isigonge gari likiruka mashimo. Zungusha waya ya gitaa kwenye sindano ya kushonea nguo nzito, mizunguko iliyobanana, kisha ivute kidogo ili ipate uhai. Usitumie springi ya kalamu. Kwa skeli hii ni sawa na springi nene kama kidole gumba cha mtu. Ndoano ifanye kwa waya ya shaba iliyopondwa bapa kwa nyundo juu ya chuma. Kupondwa kunaifanya shaba iwe ngumu, na ugumu huo unautaka. Ukibonyeza boneti chini na kuiachia, ndoano inapaswa kuivuta yenyewe milimita ya mwisho.

Kioo

Fremu ya kioo hulala mbele juu ya boneti, na hapo inakutana na vibao viwili vya mbao vilivyofungwa kwa skrubu ili chuma kisikwaruze chuma. Weka vibao hivyo vya mbao halisi. Askari walilaza kioo ili gari lionekane fupi na ili wapige risasi mbele, na walikifunika kwa turubai kwa sababu kioo kilicholala huakisi jua hadi mbali sana. Kwa hiyo kama utaionyesha modeli kioo kikiwa chini, shona kifuniko chake. Kioo kitupu kilicholala kwenye gari la mstari wa mbele kinaonyesha dereva asiyejali maisha yake.

Fremu ni mbili, moja ndani ya nyingine. Ya nje inalala, ya ndani inafunguka kwa kusukumwa nje kutoka chini ili hewa ipite. Bawaba za ile ya ndani ziko juu. Tumia plastiki angavu ya milimita 1, vipande viwili, kushoto na kulia, si kimoja kilichopigwa mstari katikati.

Taa zinazogeuka

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote kwenye gari hili. Kila taa kubwa ya mbele imeshikwa na kikono chenye bawaba na nati ya mabawa. Ukilegeza nati, unaigeuza taa hadi itazame nyuma, na inamulika injini. Fundi wa jeshi aliyevunjikiwa na gari usiku hakuhitaji tochi. Kitu kidogo, lakini mtu aliyekifikiria aliwahi kutengeneza gari gizani, na modeli inayoonyesha hilo inamwambia mtazamaji jambo ambalo maelezo marefu hayawezi.

Bakuli la taa lipige kutoka bati la kopo: kata duara, liweke juu ya shimo la mviringo kwenye mbao ngumu, ulibonyeze kwa mpira wa chuma wa beringi ukigonga taratibu na kulizungusha. Bati likigoma au kupasuka ukingoni, lipashe moto kidogo, lipoe, uendelee. Toboa nyuma tundu la LED ya milimita 3.

Kikono ni ukanda wa bati wa milimita 4 uliokunjwa mara mbili. Bawaba yake ni pini moja, na kinachoizuia taa isilegee si nati peke yake. Kwa ukubwa huu nati ya mabawa haina nguvu ya kubana kwa vidole, kwa hiyo kata kiduara kidogo cha chuma cha springi, kutoka kwenye utepe wa mita ya kupimia, toboa katikati, kipinde kidogo, ukiweke chini ya nati. Msuguano wake utaishika taa popote utakapoiacha. Nati yenyewe tengeneza kwa kulehemu mabawa mawili ya shaba iliyopondwa kwenye nati ndogo ya telefoni au ya miwani.

Waya ya umeme ndiyo inayokatika watu wakigeuza taa mara kwa mara. Usiipitishe ikiwa imenyooka. Tumia ile nyembamba yenye vanishi, izungushe kwenye pini ya bawaba mizunguko mitatu au minne iliyolegea, ndipo iingie chini ya madigadi. Taa ikigeuka, mizunguko inajikaza na kujilegeza, na waya haikunjiki mahali pamoja. Vanishi iondoe kwa msasa kwenye ncha tu.

Hesabu ya umeme ni fupi. Betri ya telefoni ikijaa ina volti 4.2, LED nyeupe hula karibu volti 3, inabaki 1.2. Kwa rezista ya omu 120 utapata miliampea 10, zinazotosha kabisa. Zaidi ya hapo taa itang'aa kama ya pikipiki ya leo. Kila LED iwe na rezista yake. Mwanga wa LED nyeupe una ubuluu, wakati Jeep ilikuwa na umeme wa volti 6 na mwanga wa manjano uliopooza. Paka ncha ya LED tone la rangi angavu ya manjano, au vanishi ya mbao yenye rangi ya asali.

Betri iweke ndani ya tangi la mafuta, chini ya mto wa dereva. Unainua mto na kuchomeka. Usilehemu moja kwa moja juu ya betri, usiitoboe, na ikianza kuvimba iondoe siku hiyohiyo. Swichi ya taa kwenye gari halisi inavutwa na kusukumwa kwenye dashibodi. Pini ya shaba inayopita kwenye tundu na kugusa vipande viwili vya bati inafanya kazi ileile kabisa, na mtu akiivuta kwa kucha taa zikawaka, ataivuta tena.

Springi za mabamba

Watu wengi huunda springi nzuri, mabamba yote yakiwemo, kisha gari linasimama juu yake kama juu ya matofali. Kosa haliko mikononi, liko kwenye hesabu. Ukipunguza springi mara 6 kwa kila upande, ugumu wake unapungua mara 6. Lakini uzito unapungua mara 216, yaani 6 mara 6 mara 6. Jeep tupu ina karibu kilo 1,100. Hata modeli yako ingekuwa nzito kwa uwiano kamili ingekuwa na kilo 5, na ya bati kwa kawaida haizidi 2. Hakuna kitu cha kuikandamiza springi hiyo.

Suluhisho: bamba mbili tu ziwe za chuma, nyingine ziwe sura. Chuma kizuri ni ule mkanda unaofungia shehena za mbao na vigae, wenye unene wa nusu milimita. Ukate upana wa milimita 7. Bamba kuu liwe na urefu wa sentimita 15 hivi kabla ya kukunja macho ya ncha. Pasha ncha peke yake hadi iwe nyekundu, uikunje kwenye msumari, iache ipoe yenyewe. Usipashe katikati, utaua springi. Bamba la pili liwe fupi kidogo, bila macho. Mengine yote kata kwenye plastiki laini ya chupa, kila moja fupi kuliko lililotangulia, uyashike yote katikati kwa waya mbili zenye umbo la U na nati.

Kisha jambo ambalo likikosekana springi haichezi hata ukiifanya nyembamba vipi: ncha moja ishikwe kwa pini kwenye chasisi, na ncha nyingine ining'inie kwenye kiungo kifupi kinachobembea. Springi iliyopinda ikinyooka inakuwa ndefu, na urefu huo lazima upate pa kwenda. Ukizifunga ncha zote mbili, umeunda daraja.

Ipime kabla ya kuifunga. Tegemeza ncha zake mbili, weka nusu kilo ya chumvi katikati. Ikishuka karibu sentimita moja, iko sawa kwa modeli ya kilo 2. Isiposhuka, punguza upana wa bamba la pili; ikishuka sana, ongeza la tatu la chuma.

Usukani

Kwenye MB, mkono ulio chini ya boksi la usukani unasukuma fito kwenda mbele na nyuma. Fito hiyo inafika kwenye kipande chenye pembe kilichofungwa juu ya ekseli ya mbele, ambacho kinageuza mwendo huo uwe wa kushoto na kulia, na kutoka hapo fito mbili zinakwenda kila moja kwenye gurudumu lake. Iunde hivyohivyo. Watu hupenda kufupisha kwa fito moja ndefu, na kweli magurudumu yanageuka, lakini springi ikicheza magurudumu yanageuka pia bila mtu kushika usukani.

Mikono ya magurudumu isiwe sambamba na gari. Ipinde kidogo ndani, kiasi kwamba ukiweka rula juu ya kila mmoja, mistari miwili ikutane katikati ya ekseli ya nyuma. Hapo gurudumu la ndani ya kona litapinda zaidi kuliko la nje, na gari litapita kona bila kuburuta tairi. Kanuni hii ni ya zamani kuliko magari ya petroli. Rudolph Ackermann aliiandikisha London mwaka 1818, kwa magari ya farasi.

Viungo vya duara vifanye kwa shanga za shingoni za milimita 2: pini inapita kwenye ushanga, na bati lililokunjwa linaukumbatia ushanga. Ucheze bila kutoka.

Vitu vya nje

Shoka na koleo la udongo hukaa ubavuni kushoto, upande wa dereva, vikiwa vimefungwa kwa mikanda. Bidoni la lita 20 liko nyuma pamoja na tairi la akiba. Kwa skeli yako lina karibu sentimita 7.8 kwenda juu na 2.7 unene, na lina vishikio vitatu, si kimoja: mtu mmoja hushika cha katikati, wawili wakilibeba hushika vya pembeni. Ukiweka cha katikati tu kwa ajili ya urahisi, umelifanya kitu kingine. Kifuniko cha bidoni la Marekani ni cha kuzungusha. Kizibo cha tyubu ndogo ya gundi, pamoja na shingo yake iliyokatwa, kinatoa uzi unaofungika kweli.

Mikanda usifanye kwa ngozi kama ilivyo. Fundi viatu anaweza kuipasua hadi iwe nyembamba, au tumia utepe wa pamba. Turubai la paa ukilishona kwa turubai halisi litasimama kama ubao. Shati kuukuu la pamba, lililofuliwa mara nyingi na kuchovywa kwenye chai nzito kabla ya rangi, linaanguka vizuri.

Silaha, kama utaweka, zifanye za kuondoka. Nchi yetu inajua vita kwa karibu, na modeli ya bunduki iliyochomoza kwenye mfuko barabarani inaweza kumtisha mtu au kukuletea matatizo na walinzi wa usalama. Ukisafiri na modeli, ifunike, na silaha zikae kwenye kisanduku peke yake.

Rangi na utunzaji

Fungua kila kinachofunguka kabla ya kupaka. Toa pini, paka vipande mbalimbali, usipake ndani ya bawaba, wala kwenye macho ya springi, wala mahali ndoano inapogusa. Rangi ya kijani kibichi cha jeshi iwe kavu, bila mng'ao, tabaka nyembamba. Ikikauka kabisa, siku mbili au tatu wakati wa mvua, rudisha pini, tia penseli iliyosagwa kwenye bawaba, kisha fungua na kufunga kila kitu mara nyingi. Rangi itachubuka pale chuma kinapogusana. Usizibe michubuko hiyo: kwenye ncha ya klipu, chini ya vidole kwenye mto wa dereva, kwenye ukingo wa vibao vya boneti. Ni uchakavu wa kweli, na umekaa mahali pake.

Kwa vumbi, udongo wetu mwekundu wa Katanga uliochekechwa kwa soksi ya nailoni ni mzuri sana, ila usiupake kwenye gari lenye alama za vita vya Normandie, Ufaransa.

Kuanzia Novemba hadi Aprili unyevu wa mvua unaingia kwenye kila kingo ya bati ambayo haikupata rangi. Chovya sindano kwenye mafuta ya mashine, gusa kila bawaba na kila springi mara moja kwa mwezi, futa kinachozidi, na betri ichomoe kila unapoirudisha modeli kabatini.